Sumaku ya Fundi Radjabu

Msumari wenyewe haukuwa wake. Fundi Radjabu anataka hilo lijulikane kabla ya jambo lingine lolote, na ukikaa naye kidogo tu pale mwaloni Rumonge, kwenye ufuko wa wavuvi, atakuambia hata kama hukumuuliza. Ulikuwa msumari wa bati, mfupi, wenye kofia pana, wa nyumba ya watu iliyobomoka ziwa lilipopanda. Yeye anajenga mitumbwi. Misumari yake ni mirefu, tena haitupi ovyo.

Haya, tumwamini. Na kusema kweli, pwani nzima ya ziwa kuanzia Gitaza mpaka Nyanza-Lac hakuna fundi aliyekuwa na wasiwasi na misumari kama huyu. Alikuwa na sumaku nzito ya duara, aliyoing'oa kwenye spika iliyoungua arusini kwa watu. Aliifunga kamba ya nyavu, na kila akimaliza kazi aliiburuta juu ya mchanga, kushoto, kulia, kama anatembeza mbuzi. Misumari iliyodondoka iliirukia yenyewe: tak, tak, tak. Anaibandua, anainyoosha iliyopinda, anairudisha koponi. Cikuru, Mkongomani aliyekuwa akimzibia nyufa za mbao kwa pamba na mawese, alimwita mchunga misumari, na mwalo mzima ukalishika jina hilo. Radjabu hakujali. Pale watu wote wanatembea peku, na hakutaka mtu aumie kwa ajili yake.

Sasa ziwa likapanda. Lilikula mchanga, likala vichanja vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwa, likala na kiwanja chake cha kazi. Ikabidi ahamishie mbao zake juu zaidi, mahali palipokuwa na nyumba za watu. Mchanga wa hapo ulikuwa na kila takataka: vipande vya bati, waya, vioo, misumari yenye kutu. Radjabu aliuangalia, akasema huo si uchafu wake, atausafisha siku akipata nafasi. Nafasi hakuipata. Alikuwa ameshika kazi ya Zubeir, mwenye nyavu nyingi, aliyetaka mtumbwi mkubwa kuliko yote iliyowahi kutoka mkononi mwa fundi huyu.

Basi akaukanyaga ule msumari wa bati, na hakuusikia.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na kilikuwa kimemmalizia hisia za nyayo pole pole bila yeye kujua. Au tuseme alijua, akaona ni sifa. Jua la saa saba likichoma mchanga, wenzake wakirukaruka huku wanalaani, yeye anapita taratibu. "Miguu ya fundi hiyo!" anajitapa. Miguu ya fundi, kweli! Siku ile alifanya kazi kutwa na msumari ndani ya unyayo wa kulia, akarudi nyumbani nao, akaswali nao. Mkewe Aziza ndiye aliyeona damu kwenye mkeka.

"Baba Nadia, nani kachinja kuku humu ndani?"

"Kuku gani?"

"Hebu geuza mguu wako."

Akageuza. Aziza alipiga ukelele, majirani wakadhani kuna msiba.

Msumari ulitoka kwa koleo, kidonda kikabaki. Mtu mwingine angekwenda kwa muganga wa hospitali siku ileile. Radjabu alikwenda kazini. Hoja yake ilikuwa kwamba tundu ni tundu. Akachukua pamba, akaichovya kwenye mawese ya moto, akaisokomeza kidondani kwa kidole kama anavyoziba ufa wa ubao, akafunga kitambaa.

"Mukubwa," Cikuru akamwambia, "mutu haiko mutumbwi."

"Wewe ziba wako, na mimi naziba wangu."

Alichokiziba ndani, basi, ni usaha. Kidonda kilipanuka, mguu ukavimba ukawa unang'aa, na nyumba ikaanza kunuka hata Aziza akifukiza udi. Radjabu alisema ni ndagala za jirani. Siku hiyo Aziza hakubishana tena. Alisimama mlangoni akajishika kiuno, akamwambia leo hutoki hapa ila kwenda hospitali, kisha akamwita Cikuru alete baiskeli, maana lisansi, yaani petroli, ilikuwa imekosekana na pikipiki zote zimelala. Radjabu alikwenda amekaa nyuma ya baiskeli kama gunia la mihogo, na njia nzima anawaambia watu wanaomsalimu kwamba msumari haukuwa wake.

Daktari wa upasuaji aliugeuza mguu, akabonyeza, akatazama majibu ya sukari, akatazama picha ya mfupa. Akasema kwa upole kabisa, "Muze, itabidi tukate. Hapa, chini ya goti. Mfupa bado haujaliwa, lakini ugonjwa unaelekea huko. Ukikaa sana, hatutakuwa tunapigania mguu tena, tutakuwa tunapigania roho yako."

Radjabu hata maumivu hakuyawaza. Aliuwaza mtumbwi wa Zubeir.

Maana pale mwaloni kwao kuna desturi, na haina mjadala. Mtumbwi mpya hauguswi na maji kabla fundi aliyeujenga hajauingia mwenyewe, wa kwanza, peku, mguu wa kulia mbele. Akishakanyaga anawaita wavuvi kwa sauti: "Ingieni!" Hapo wanajua fundi ameiamini kazi yake, nao wanaingia. Asipoingia, hata uupake rangi zote za dunia, hakuna mvuvi atakayeutoa pwani. Sasa fundi asiye na mguu wa kulia nani atampa mbao zake? Aliutazama mguu ule uliovimba, uliokanyaga kila mtumbwi aliouunda tangu ujana wake, akaona maisha yake yote yanakatwa chini ya goti.

"Nipe muda, daktari," akasema. "Nakuomba kwa Mungu."

Daktari alimtazama Aziza, kisha yeye. Akasema muda si mwingi. Lakini juu ya mji kuna kituo cha afya wanakojaribu mashine ya sumaku kwa vidonda vya watu wenye kisukari, na kwa kuwa damu bado inafika kwenye vidole vyake, huenda wakampokea. Hakumwahidi kitu. "Wakishindwa unarudi hapa, na hatutabishana."

Sumaku! Radjabu aliyeingia mle ndani akiwa hana hali alitoka meno nje. "Mama Nadia, umesikia? Sumaku! Mimi na sumaku si tumekua pamoja?"

Aziza alimwambia ashukuru kimya kimya.

Kule kituoni aliyempokea ni muganga Elda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayekuambia jambo mara moja tu. Alikata nyama iliyokufa, akasafisha mpaka damu safi ikaonekana, akampa vidonge, akamfundisha Aziza kupiga sindano za insulini, akauvalisha mguu kiatu kikubwa kigumu kinachozuia kidonda kugusa chini. Ndipo akaleta mashine. Ilikuwa sanduku dogo, waya mmoja, na duara la plastiki ambamo mguu ulipitishwa kama mkono kwenye bangili.

"Ndani ya hili duara iko waya wa shaba, umezungushwa mara nyingi," Elda akamweleza. "Umeme ukipita mule, inatoka nguvu ya sumaku, inaingia mpaka kwenye nyama. Tunatafuta kujua kama inasaidia damu kupita na nyama mpya kuota. Kwa wengine naona inasaidia. Kwa wewe, muze, bado sijui. Na haifanyi kazi peke yake. Dawa unameza, sindano unapiga, na huu mguu haukanyagi chini. Tumesikilizana?"

"Kabisa, muganga. Murakoze, asante."

Hakuna walichosikilizana. Mashine ilikuwa inawaka kitaa kidogo cha kijani, haivumi, haichomi, haitikisiki, na Radjabu aliitazama kwa jicho la fundi. Elda alipogeuka, alitoa msumari mfukoni, akaubandika kwenye duara. Ukaanguka. Akaubandika tena upande wa pili. Ukaanguka, ukalia kwenye sakafu.

"Ni nini hicho?" Elda akauliza.

"Ni mimi. Umeniponyoka."

Alikwenda kituoni hivyo siku baada ya siku, Cikuru akisukuma baiskeli kilimani huku jasho linamchuruzika, na kila siku alirudi anatikisa kichwa. "Cikuru, hawa watu wanatuchezea. Mashine nzima, na umeme, na muganga aliyesoma, haivuti hata msumari wa bati. Sumaku yangu inavuta konzi nzima!"

"Uulize muganga, mukubwa."

"Mambo ya sumaku nimuulize mtu mimi?"

Mnaona mtu anavyojipeleka mwenyewe? Aziza akiwa sokoni anauza samaki wake, mikeke, Radjabu alikivua kile kiatu, akaitwaa sumaku ya spika, akaibandika juu ya bandeji na kuifunga kwa kamba ya nyavu. Alikaza kwa fundo la mtumbwi, lile ambalo hata dhoruba hailifungui, akavuta soksi juu yake ili mkewe asione. Na kwa kuwa sasa mguu umepata sumaku ya kweli, aliona hakuna sababu ya kukaa tena. Kituoni hakwenda. Alikwenda mwaloni, akasimama kwa mguu ule, akachonga mbao na kupiga mluzi. Siku ya pili vilevile.

Unyayo usiosikia msumari utasikiaje kamba? Kamba ilikata ngozi, chuma kikabonyeza nyama, na Radjabu anapiga mluzi. Aziza alipoivuta soksi alikuta kidonda cha pili kando ya kile cha kwanza. Safari hii hakupiga ukelele. Alikaa chini akajifunika uso kwa kanga, akalia bila sauti. Msumari haukumuuma Radjabu, kamba haikumuuma, lakini kilio kile kilimuuma.

Wakaenda kwa Elda wote wawili, na Aziza ndiye aliyeiweka ile sumaku mezani. Elda aliitazama, akaitazama kamba, akautazama mguu.

"Nani amekufunga hivi?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Sababu?"

Radjabu akaeleza yote, hata habari ya msumari ulioanguka. Elda alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka.

"Muze, wewe ni fundi. Chukua nyundo, ilaze juu ya msumari, iache pale mpaka jioni. Msumari utaingia?"

"Hauingii."

"Kwa nini? Nyundo si iko nzito?"

"Hujapiga. Lazima unyanyue, upige, unyanyue, upige."

"Basi ni hivyo. Sumaku yako imelala juu ya mguu. Hii ya mashine inapiga na kuacha, inapiga na kuacha, haraka kuliko jicho. Nguvu yake ni ndogo, na tumeifanya ndogo kwa kusudi, maana hatukuiita kuvuta misumari." Hapo sauti yake ya chini ikapanda kwa mara ya kwanza, mpaka wagonjwa barazani wakanyamaza. "Kazi yangu ni kutibu, yako ni kukaa! Na wewe umekuja kunifungia kazi yangu kwa kamba ya samaki! Daktari nitamwambia, sitamficha. Nitamwomba akuongezee siku chache. Ukikanyaga chini tena, hata mara moja, usinirudie hapa."

Radjabu aliinamisha kichwa. Elda alikuwa rika moja na Nadia, binti yake. "Nimekosa, mwanangu," akasema. "Nitakaa."

Akakaa. Yeyote anayemjua Radjabu anajua huo ndio ulikuwa muujiza wa kwanza. Cikuru alimwekea kiti pale kiwanjani chini ya turubai, na kreti la soda la kuinulia mguu, na kila akitoka kwenye mashine fundi wetu alikaa pale na kuujenga mtumbwi kwa mdomo. Ubao ule shusha! Hapo umepinda! Pamba haijashiba mawese, unanizibia mtumbwi au unanipikia mboga?

"Mukubwa," Cikuru alimjibu bila kugeuka, "hii kelele yako inatosha kupeleka mutumbwi Kongo bila mota."

Zubeir alipita, akakuta fundi juu ya kiti, mguu juu ya kreti. Alikuwa mtu wa haki lakini si wa subira. "Fundi, wavuvi wangu wanauliza. Nitangoja mpaka ubao wa mwisho. Usipoweza kuuingia, nitamleta fundi mwingine aumalize, na utahesabiwa ni wake."

"Nitauingia."

"Kwa mguu gani?"

Radjabu aliuangalia mguu wake juu ya kreti mpaka Zubeir akaondoka.

Kidonda hakina haraka na mtu. Kila baada ya siku kadhaa Elda alikipima kwa rula ndogo ya karatasi, na Radjabu alimtazama usoni badala ya kutazama mguu, akitafuta habari kwenye nyusi zake. Kwanza nyusi hazikusema kitu. Baadaye Elda alimwita Aziza aje aone: chini ya kidonda, palipokuwa pa kijivu, pameota nyama nyekundu yenye chembechembe. Kile kidonda cha pili kikafunga kwanza. Kisha kingo za kile kikubwa zikaanza kusogeleana. Sukari nayo ilikuwa imeshuka, kwa kuwa Aziza alihamisha sukari ya chai akaificha kwa jirani. Daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe kuangalia, akabonyeza, akasema, "Tungoje kidogo." Radjabu alilipenda neno hilo kuliko salamu za sikukuu.

Halafu asubuhi moja Elda alifungua bandeji na haikuwa na kitu. Nyeupe, kavu. Akapitisha kidole chenye glovu juu ya ngozi mpya, nyororo, ya waridi. Akatabasamu, naye alikuwa mtu asiyetabasamu bure.

"Kimefunga, muze."

"Sema tena."

"Kimefunga."

Aziza alipiga vigelegele mle mle ndani ya chumba cha dawa. Radjabu alilia waziwazi, akamshika Elda mikono yote miwili, akataka kuibusu na ile mashine. Elda akamzuia. "Usiishukuru peke yake. Ni mashine, ni sindano, ni kusafisha, na ni kile kiti chako. Iko mama mmoja wa Bugarama, tulimtibu vilevile, na kidonda chake bado. Sasa sikia. Mguu huu hausikii, na hautasikia. Peku ni mwisho. Nyumbani kiatu, kazini kiatu, mchangani kiatu."

"Na mtumbwini?" Radjabu akauliza kwa sauti ndogo.

Akamweleza ile desturi. Elda aliikunja bandeji mpaka ikaisha. "Mchangani, hapana," akasema mwishowe. "Ubao safi, uliooshwa, hatua moja, na mimi nikiwa pale. Ila sijui utafikaje mtumbwini bila kukanyaga mchanga."

Alifika mabegani mwa watu, ndivyo alivyofika! Siku ya kuushusha mtumbwi wa Zubeir mwalo ulijaa, wauza ndagala waliacha vichanja vyao, na wavuvi wanne wenye mabega mapana walimbeba Radjabu kutoka kwenye kiti chake, mguu wa kulia peku umeinuliwa juu watu wote wauone. Na waliuona. Wanawake walipita kuchungulia unyayo kama wanaochungulia mtoto mchanga. "Mashallah! Ndio huo waliotaka kuukata?" Cikuru alitangulia akicheza na kuimba nyimbo za kwao, na Radjabu huko juu alikuwa ananyoosha mikono kama bwana arusi.

Wakamfikisha ubavuni mwa mtumbwi. Mbao zilikuwa zimeoshwa, zinanukia mawese. Akainamisha mguu.

"Ngoja!" Aziza akaita.

Alipenya katikati ya watu na ile sumaku ya spika mkononi, imening'inia kwenye kamba yake ileile. Bila kumwomba mtu ruhusa akainama juu ya ukingo, akaiburuta taratibu kwenye sakafu ya mtumbwi, kushoto, kulia, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote.

Tak.

Aziza akaivuta juu. Msumari mrefu, mpya, ulikuwa umenasa kwenye sumaku, ncha wazi, na umetoka palepale ambapo unyayo ungetua. Elda alifumba macho kidogo. Aziza akaubandua, akauinua mbele ya uso wa mumewe.

"Na huu je, Baba Nadia? Huu wa nani?"

Radjabu aliutazama. Mirefu, haitupi ovyo. Mwalo wote ulikuwa unangoja.

"Huu wangu," akasema.

Kicheko kilicholipuka hapo kilifukuza ndege juu ya maji. Hata Zubeir alijishika mbavu. Aziza akaburuta sumaku mara nyingine, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii haikulia. Akasogea pembeni. Wavuvi wakamshusha fundi pole pole, na mguu wa kulia ukatua kwenye ubao.

Hakuusikia ubao. Wala ubaridi wake, wala mawese, wala chochote. Ilibidi atazame chini, na alipotazama aliuona: mguu wake, vidole vyote, kisigino na kila kitu, umesimama ndani ya mtumbwi alioujenga. Machozi yakamjaa. Alijaza kifua pumzi akapiga kelele iliyofika vibanda vya mwisho vya mwaloni.

"Ingieni!"

Wakaingia, Zubeir akiwa wa kwanza, na Elda akamrushia fundi kiatu chake.